Sigara Tatu, Ngamia Mmoja na Mguu wa Jenerali: Vituko Kumi vya Vita vya Marekani

Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vilianza Aprili 1861 na kumalizika Aprili 1865. Ukivichimba hadi mzizini utakuta sababu moja: majimbo ya Kusini yaliasi ili yabaki na watumwa wao. Watu wasiopungua 620,000 walikufa, na waliomalizwa na homa na kuhara walikuwa wengi kuliko waliomalizwa na risasi. Hayo utayapata katika kitabu chochote cha historia. Mimi napenda zaidi yale yaliyobaki pembezoni mwa ukurasa, maana humo ndimo binadamu wenyewe wanamoonekana. Tunahesabu kutoka kumi kushuka. Nakuomba usirukie namba moja. Nimeiweka mwisho kwa makusudi.

10. Biskuti iliyokuja na kitoweo chake

Askari wa Kaskazini alipewa biskuti tisa au kumi kwa siku, za unga na maji, za mraba, ngumu hata ukizigonga zinalia kama kigae. Zilikaa ghalani miezi na miezi, na zilipofika kambini zilikuwa zimeshapata wapangaji: fukusi na funza. Askari hawakuzitupa. Walizivunja na kuzitia katika kikombe cha kahawa ya moto, wakangoja kidogo, fukusi wakaelea juu, wakawaengua, wakanywa. Mkongwe mmoja wa vita hivyo, John Billings, aliandika mwaka 1887 kwamba fukusi hao hawakuacha ladha yoyote katika kahawa. Tumwamini, maana alikunywa nyingi.

Upande wa Kusini walikuwa na shida nyingine. Manowari za Kaskazini zilifunga bandari, kahawa ikaadimika, watu wakakaanga karanga, viazi vitamu na hata mbegu za mwaloni, wakazisaga na kuzichemsha kwa matumaini. Lakini Kusini walikuwa na tumbaku. Basi katika majira ya baridi ya 1862 na 1863, kwenye mto Rappahannock huko Virginia, askari wa pande mbili walitengeneza vijimashua vya mbao vyenye tanga, wakavisukuma vivuke mto: tumbaku inakwenda, kahawa inarudi. Maofisa walikataza. Vijimashua viliendelea kung'oa nanga.

9. Jenerali na tembo

Mei 9, 1864, huko Spotsylvania, Jenerali John Sedgwick wa Kaskazini aliwakuta askari wake wakijikunyata kwa hofu ya walenga shabaha waliokuwa mbali. Akawatania: kwa umbali ule, watu wale wasingempiga hata tembo. Askari mmoja akainama risasi ilipopita, jenerali akacheka, akarudia maneno yale yale. Risasi iliyofuata ilimpiga chini ya jicho la kushoto. Askari wake walimpenda sana na walimwita Mjomba John. Tembo, kwa kumbukumbu zote zilizopo, hakudhurika.

8. Ngamia wa kikosi, na tai wa kikosi kingine

Ukimwambia mtu wa Marsabit kwamba jeshi lilikuwa na ngamia, atakuuliza: sasa habari iko wapi? Habari ni kwamba ngamia huyu alikuwa Mississippi. Aliitwa Douglas, alibeba mizigo ya kikosi cha 43 cha Mississippi, jeshi la Kusini, na kikosi chenyewe kikaitwa Kikosi cha Ngamia. Farasi hawakumzoea. Wakati mmoja, karibu na Iuka, aliwatia farasi kiwewe, wakatimua mbio usiku katikati ya kambi. Mwaka 1863, mji wa Vicksburg ulipozingirwa, mlenga shabaha wa Kaskazini alimuua. Leo ana jiwe la kumbukumbu katika makaburi ya Cedar Hill mjini humo, miongoni mwa wapiganaji wenzake.

Wamarekani walipata wapi wazo la ngamia? Miaka ya 1850 waziri wao wa vita aliagiza ngamia kadhaa kutoka nchi za Mediterania, wakashushwa Texas mwaka 1856 kwa ajili ya kubeba mizigo jangwani. Waziri huyo alikuwa Jefferson Davis, ambaye miaka mitano baadaye aliongoza uasi wa Kusini kama rais wake. Kwa ngamia alikuwa na akili timamu.

Kaskazini walikuwa na tai. Kikosi cha 8 cha Wisconsin kilikwenda vitani na ndege aliyeitwa Old Abe, kwa heshima ya Rais Abraham Lincoln. Alikuwa amenunuliwa kwa debe la mahindi akiwa kinda. Alibebwa juu ya mti maalumu sambamba na bendera, na mapigano yakipamba moto alipiga kelele na kutandaza mbawa. Alirudi nyumbani mzima, akapewa makazi katika jengo la bunge la Wisconsin, akafa mwaka 1881 baada ya moshi wa moto kumdhuru. Kichwa chake kiko hadi leo kwenye nembo ya divisheni ya 101 ya jeshi la Marekani.

7. Pensheni iliyogoma kufa

Baba mmoja wa North Carolina alianza vita akiwa askari wa Kusini, akatoroka mwaka 1863, kisha akajiunga na Kaskazini. Uamuzi huo ulikuja kumlisha bintiye. Mzee alioa tena uzeeni, akapata mtoto wa kike mwaka 1930 akiwa na miaka 83, na mtoto huyo akaja kurithi pensheni ya vita: dola 73 na senti 13 kila mwezi. Serikali ya Marekani iliendelea kulipa hadi binti alipofariki Mei 2020. Mwaka 2020, msomaji wangu, tukiwa sote tumevaa barakoa.

6. Sigara tatu

Septemba 13, 1862, askari wa kikosi cha 27 cha Indiana walipumzika kwenye uwanja karibu na Frederick, Maryland. Koplo Barton Mitchell akaona bahasha katika majani. Ndani yake mlikuwa na sigara tatu nene, za kuvuta wakubwa, zimefungwa kwa karatasi. Wengi wetu tungeishia kwenye sigara. Mitchell aliisoma karatasi.

Ilikuwa Amri Maalumu namba 191 ya Jenerali Robert E. Lee wa Kusini. Ilieleza jinsi alivyoligawa jeshi lake vipande vipande, kila kipande kiko wapi na kinakwenda wapi. Karatasi ilipanda ngazi hadi kwa Jenerali George McClellan wa Kaskazini, ambaye alifurahi kupita kiasi, kisha akakaa karibu saa 18 kabla ya kuanza kusogeza jeshi lake. Nimewahi kusubiri daladala kwa hasira ndogo kuliko ninayoipata nikisoma habari za saa hizo. Siku nne baadaye majeshi yalikutana kwenye kijito cha Antietam, na hadi jua linazama watu wapatao 23,000 walikuwa wamekufa, wamejeruhiwa au hawajulikani walipo. Hakuna siku moja ya vita nchini Marekani iliyomwaga damu zaidi ya hiyo.

Lee alirudi Kusini. Lincoln, aliyekuwa akingoja ushindi wowote wa kusimamia, alitangaza Septemba 22 kwamba watumwa katika majimbo yaliyoasi wangekuwa huru kuanzia Januari 1, 1863. Ofisa aliyefungia sigara zake katika siri ya jeshi alisaidia jambo kubwa ambalo asingelitaka kamwe.

Na kwa kuwa tuko kwenye tumbaku: Jenerali Ulysses Grant wa Kaskazini alikuwa mvutaji mdogo tu. Februari 1862 aliteka ngome ya Donelson, magazeti yakaandika kwamba alikuwa na sigara mkononi, na wananchi wakamtumia maelfu ya sigara kwa posta kumpongeza. Akazivuta. Alikufa kwa saratani ya koo mwaka 1885, akiwa amemaliza kuandika kumbukumbu zake siku chache tu kabla.

5. Mguu huku, mkono kule

Daniel Sickles alikuwa maarufu kabla ya vita kwa sababu mbaya. Mwaka 1859, akiwa mbunge, alimuua kwa bastola mtu aliyekuwa akitembea na mkewe, mchana kweupe, jirani na Ikulu ya Marekani. Mawakili wake, mmoja wao Edwin Stanton ambaye baadaye alikuja kuwa waziri wa vita wa Lincoln, walidai kwamba alipatwa na wazimu wa muda. Akaachiwa.

Vita vilipoanza akawa jenerali. Julai 2, 1863, huko Gettysburg, tufe la mzinga lilimvunja mguu wa kulia, na wakati wanambeba kwa machela alikuwa akivuta sigara ili askari wasikate tamaa. Mguu ulikatwa. Sasa sikiliza: jenerali aliutuma mfupa huo kwenye Makumbusho ya Tiba ya Jeshi mjini Washington, ndani ya kijeneza, pamoja na kadi yake ya salamu. Kila mwaka, siku ya kumbukumbu, alikwenda kuutembelea. Aliishi hadi 1914, hivyo walionana mara nyingi. Mfupa bado upo, katika makumbusho hiyo hiyo ambayo sasa iko Maryland.

Thomas Jackson wa Kusini, aliyejulikana kwa jina la Stonewall, alipoteza mkono. Usiku wa Mei 2, 1863, baada ya kuwapiga Kaskazini vibaya huko Chancellorsville, alirudi akipita mbele ya mistari yake gizani, na askari wake wenyewe wakamdhania adui, wakampiga risasi. Mkono wa kushoto ulikatwa. Kasisi wake aliuchukua, akauzika kwa heshima katika makaburi ya familia kwenye shamba la Ellwood. Siku nane baadaye Jackson alikufa kwa nimonia, akazikwa Lexington, mbali na hapo. Mtu mmoja, makaburi mawili. Atakayetaka kumzuru lazima ajaze mafuta.

4. Huyu ni mwenzetu

Agosti 1862 kijana mfupi mwenye asili ya Ireland alijiandikisha katika kikosi cha 95 cha Illinois kwa jina la Albert Cashier. Uchunguzi wa afya siku zile ulikuwa wa kuonyesha mikono na miguu, basi. Cashier alizaliwa msichana, jina lake la utotoni Jennie Hodgers. Alipigana miaka mitatu, akaingia katika mapigano yapatayo 40, akalala na kula na wenzake, na hakuna aliyegutuka.

Vita vilipokwisha aliendelea kuishi kama mwanamume katika mji mdogo wa Saunemin, akifanya vibarua, akiwasha taa za mtaani, akipiga kura. Mwaka 1911 gari lilimgonga, daktari akaujua ukweli, na akaufunga mdomo wake. Namheshimu daktari yule. Walioukosa utu walikuwa wa hospitali ya wagonjwa wa akili alikopelekwa uzeeni: walimlazimisha kuvaa sketi, baada ya nusu karne ya suruali, akajikwaa akavunjika nyonga. Serikali ilipotaka kuikagua pensheni yake kwa kushuku udanganyifu, wazee wa kikosi cha 95 walisimama kumtetea: huyu ni mwenzetu, tulikuwa naye. Alifariki mwaka 1915, akazikwa na sare yake, kwa heshima za kijeshi. Jina la Albert D. J. Cashier limechorwa kwenye mnara wa Illinois pale Vicksburg.

3. Bwana aliyevikimbia vita

Wilmer McLean alikuwa mfanyabiashara mwenye shamba karibu na Manassas, Virginia. Julai 1861 Jenerali Beauregard wa Kusini akaifanya nyumba yake makao makuu, na Julai 18 kombora la Kaskazini likatua jikoni, juu ya chakula cha mchana cha jenerali. Siku tatu baadaye ikapiganwa hapo vita kubwa ya kwanza. Mwaka uliofuata majeshi yakarudi pale pale, yakapigana tena.

McLean akaona imetosha. Akaihamisha familia kiasi cha kilomita 190 kusini, hadi kijiji tulivu kiitwacho Appomattox Court House, ambako vita visingeweza kumfikia. Aliruka majivu.

Aprili 9, 1865, msaidizi wa Lee akaingia kijijini akitafuta nyumba ya mazungumzo ya kusalimu amri, na raia wa kwanza kukutana naye alikuwa McLean. McLean alimwonyesha kwanza jengo tupu lisilo na samani. Ofisa akasema halifai. Basi, kwa shingo upande, akamkaribisha kwake. Mchana huo, sebuleni mwa McLean, Lee akiwa na sare mpya na upanga, Grant akiwa na koti la askari wa kawaida lililojaa tope, vita vilikwisha kwa jeshi la Virginia.

Kisha maofisa wa Kaskazini wakaanza kubeba kumbukumbu. Jenerali Sheridan alitoa dola 20 za dhahabu akachukua meza ambayo Grant aliandikia, akampa Jenerali Custer ampelekee mkewe. Meza ya Lee ikaenda kwa dola 40. Viti vya ukili vilikatwakatwa vipande ili kila mtu apate. Mwanasesere wa kitambaa wa binti mdogo wa McLean, Lula, alirushwarushwa na maofisa kisha akaondoka na mmoja wao. Leo yuko kwenye makumbusho ya Appomattox. Meza zina majenerali wa kuzikumbuka. Mimi namfikiria Lula, aliyetoka chumbani kwake akakuta amani imekuja na imemchukua mtoto wake.

2. Vita vilivyofika bahari yetu

Katika Unguja ya Sultani Majid, kitambaa kilichotawala soko kilikuwa merikani, na kilitoka kweli Marekani, kwenye viwanda vya Massachusetts. Marekani ilikuwa na mkataba na utawala wa Sultani tangu 1833 na konseli wake Unguja tangu 1837. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta nguo, wakarudi na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Misafara ya Tabora na Ujiji ilijipima kwa majora ya merikani. Pamba ya nguo hiyo ililimwa na watumwa wa Kusini mwa Marekani, na huku bara kuna mahali majora hayo yalinunulia watu. Ukiufuata uzi huo mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho utaona minyororo kwenye ncha zote mbili.

Vita vilipokatiza pamba, viwanda vikasimama, merikani ikaadimika Unguja, na nguo za Uingereza na India zikaingia kukamata nafasi.

Na si uhaba wa nguo tu uliofika. Meli ya kivita ya Kusini, Alabama, chini ya nahodha Raphael Semmes, iliwinda meli za biashara za Kaskazini duniani kote. Agosti 1863 ilitia nanga Cape Town, watu wakajaa vilimani kuitazama ikikamata meli ya Kimarekani mbele ya macho yao. Ikavuka hadi Singapore, ikarudi, na Februari 1864 ikapumzika karibu wiki nzima Nzwani, visiwa vya Komoro, ikinunua vyakula. Wangazija na Wanzwani wenye vyombo vya kwenda Unguja walikuwa jirani na vita vya Virginia na South Carolina.

Jambo la ajabu kuliko yote: meli hii iliyokamata au kuzamisha meli zipatazo 65 kwa niaba ya Kusini haikuwahi kutia nanga katika bandari hata moja ya Kusini. Ilijengwa Uingereza, mabaharia wake wengi walikuwa Waingereza, na ilizamishwa Juni 19, 1864 karibu na Cherbourg, Ufaransa. Mwaka 1872 Uingereza ilihukumiwa kuilipa Marekani dola milioni 15.5 kwa hasara. Kusini haikuwahi kukifungia chombo chake kwenye gati lake. Waingereza walibaki na bili.

1. Kofia ya nahodha

Hapa ndipo nilipokuwa nakupeleka. Majenerali wa vita hivi wana vitabu, masanamu na, kama tulivyoona, mifupa makumbushoni. Kiti cha mbele mimi nakitoa kwa kijana wa miaka 23 ambaye kisheria alikuwa mali ya mtu.

Robert Smalls alizaliwa mtumwa mwaka 1839, katika kibanda nyuma ya nyumba ya bwana wake mjini Beaufort, South Carolina. Mwaka 1862 alikuwa Charleston akishika usukani wa Planter, meli ya mvuke iliyobeba silaha za jeshi la Kusini. Alitaka kumkomboa mkewe Hannah na mtoto wao. Bei ilikuwa dola 800, naye alikuwa ameweka akiba dola 100.

Usiku wa Mei 12 maofisa watatu wazungu wa meli walikwenda kulala nchi kavu, kinyume cha amri. Alfajiri Smalls na wenzake wakawasha tanuri, wakapandisha bendera ya Kusini, wakapita kuwachukua wake na watoto waliojificha gatini kwingine. Wote pamoja walikuwa 16. Mbele yao kulikuwa na ngome za bandari, na kubwa kuliko zote Fort Sumter, pale pale risasi za kwanza za vita zilipolia. Smalls akavaa kofia pana ya ukindu ya nahodha, akakunja mikono kifuani kama nahodha alivyozoea kusimama, akapuliza king'ora cha ishara sahihi. Mlinzi katika nusu giza aliona kofia, akaona mkao, akaruhusu ipite.

Walipotoka nje ya masafa ya mizinga waliteremsha bendera wakapandisha shuka jeupe la kitandani. Manowari ya Kaskazini, Onward, ilikuwa tayari kufyatua ilipoliona. Smalls aliikabidhi meli, mizinga yake na kitabu cha ishara za siri.

Agosti mwaka huo alikwenda Washington na kurudi na kibali cha Stanton cha kuandikisha askari weusi huko South Carolina. Hadi vita vinakwisha weusi wapatao 180,000 walikuwa wamevaa sare ya Kaskazini. Yeye mwenyewe alikuja kuwa nahodha wa Planter, kisha mbunge wa Marekani kwa vipindi vitano. Na kwa fedha za zawadi ya meli alizopewa, dola 1,500 fungu lake, aliinunua nyumba ya Beaufort iliyokuwa ya bwana wake, ile yenye kibanda nyuma. Aliishi humo na kufia humo mwaka 1915.

Mwaka 2023 Jeshi la Majini la Marekani lilitoa jina lake, USS Robert Smalls, kwa manowari moja kubwa. Hadi siku hiyo manowari hiyo iliitwa Chancellorsville.